Umeiona Filamu, au Umeiona Nakala? Majibu kwa Wasomaji

Mbukwenyi wasomaji. Barua za safari hii nyingi zimetoka Dodoma mjini, nyingine Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni na Singida, na zote zinahusu filamu mlizoziona karibuni. Jambo moja linajirudia: msomaji anamlaumu mwongozaji kwa kosa la sabufa, au anamlaumu mwigizaji kwa kosa la DJ aliyetafsiri. Kwa hiyo mara nyingi tutaanza na swali la kuudhi: ulichokiona ni filamu yenyewe, au ni nakala iliyoharibika njiani? Hilo likishajulikana ndipo tubishane.

Ndugu wahariri, mimi si mtaalamu, ni mpenzi wa muvi tu. Mwezi huu nimeona nne na nimezipa maksi. Oppenheimer 3 kati ya 10: maneno hayasikiki, bomu lenyewe linalipuka kimya, halafu picha inapoteza rangi kila mara. Sinners 6: imechelewa kuanza. Anatomy of a Fall 2: mpaka mwisho hawasemi kama mama kaua au hajaua. RRR 9, nimeikata moja kwa sababu midomo haifuati sauti. Je, nimezionea?
*Msomaji, Makole*

Oppenheimer umeionea, ingawa kosa si lako lote.

Rangi kwanza. Waya wako mzima. Mwongozaji, Christopher Nolan, ameweka rangi pale tunapoyaona mambo kwa macho ya Oppenheimer, mwanasayansi wa bomu la atomiki, na nyeusi na nyeupe pale yanapokwenda upande wa Lewis Strauss, hasimu wake. Filamu inaruka kati ya vikao viwili: kile cha 1954 kilichomhoji Oppenheimer kuhusu uaminifu wake, na kile cha Seneti cha 1959 kilichomhoji Strauss alipoteuliwa kuwa waziri. Mtu asiyelijua hilo anapotea ndani ya nusu saa ya kwanza, na filamu ina saa tatu kamili. Irudie ukiwa na ufunguo huo mkononi, maksi zitapanda zenyewe.

Bomu kulipuka kimya nako ni kwa makusudi, na tunathubutu kusema ndiyo sehemu bora ya filamu nzima. Jaribio lenyewe lilifanyika alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945, jangwani New Mexico. Handaki la karibu la waangalizi lilikuwa kama kilomita 9 kutoka mnara wa bomu. Mwanga unafika papo hapo, lakini sauti huenda mita kama 340 kwa sekunde, kwa hiyo ngurumo ilihitaji takriban sekunde 26 kuwafikia. Ni kama radi ya masika: unauona umeme juu ya mlima, unahesabu, ndipo mabati yanatikisika. Nolan amekinyoosha kimya hicho kupita hesabu halisi, ukabaki unasikia pumzi tu, kisha kishindo kinakuja wakati mtazamaji ameshajisahau. Tunashuku nakala yako ilikuwa ya kutafsiriwa na DJ akaona kimya kile ni nafasi ya kuongea. Kama ndivyo, hukuliona tukio hilo.

Maneno kutosikika ni kesi ya watu watatu. Nolan ana sehemu yake: anapenda kubaki na sauti iliyorekodiwa siku ya kupiga picha badala ya kumrudisha mwigizaji studio kusema upya, kisha juu yake anapandisha muziki. Anayefuata ni aliyetengeneza nakala. Sauti ya sinema huchanganywa kwa njia sita: kushoto, kulia, katikati, mbili za nyuma, na moja ya besi. Mazungumzo karibu yote hukaa njia ya katikati. Mtu anapobana filamu iwe ndogo, akichukua kushoto na kulia peke yake na kuiacha ya katikati, unapata muziki mkubwa na watu wanaoongea kama wako kisimani. Wa tatu ni sabufa yako.

Kumjua mwenye kosa ni rahisi. Weka faili hilohilo kwenye simu, vaa spika za masikioni, angalia dakika tano za mazungumzo. Maneno yakiwa bado yako mbali, nakala ni mbovu. Hakuna kitufe kitakachoiponya. Yakisikika vizuri, rudi sebuleni ufanye haya: punguza besi ya sabufa hadi robo ya mzunguko, pandisha trebo, yaani sauti nyembamba, ipite nusu kidogo. Itoe sabufa kwenye kona, iache nusu mita kutoka kila ukuta, maana kona huivimbisha besi. Vispika vidogo usiviweke sakafuni; vipandishe hadi usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, karibu mita moja. Kwenye menyu ya sauti ya TV tafuta hali ya usiku au ya kukuza mazungumzo, uiwashe. Ukitumia kompyuta yenye VLC, programu ya kuchezea video, fungua sehemu ya athari za sauti uwashe "Compressor": inashusha vishindo na kuinua minong'ono. Na kama chumba ni sakafu ya saruji na kuta tupu, tandika zulia na ushushe pazia zito. Mwangwi unakula maneno kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu Sinners tunakuachia 6 yako. Filamu hiyo ya Ryan Coogler ya 2025 inatumia muda mrefu kutembea mjini Clarksdale, Mississippi, mwaka 1932, pacha wawili (wote Michael B. Jordan) wakikusanya watu wa kufungua ukumbi wa muziki, kabla wanyonya damu hawajabisha hodi. Kwetu sisi muda huo ndio filamu: usipomjua mpiga piano na wenye duka, hutajali anayekufa usiku. Lakini aliyeahidiwa muvi ya kutisha akaletewa saa nzima ya ujirani ana haki ya kunung'unika.

Anatomy of a Fall hapana, 2 ni uonevu. Hii ni filamu ya Ufaransa ya 2023 ya Justine Triet, iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes. Mume anaanguka kutoka ghorofani, mke anashtakiwa, na shahidi muhimu ni mtoto wao asiyeona vizuri. Umelalamika hawasemi kaua au hajaua. Ndiyo. Mwongozaji hakumwambia hata mwigizaji wake, Sandra Hüller. Alimtaka tu aigize kama mtu asiye na hatia. Filamu inauliza mahakama inaweza kujua nini kuhusu ndoa ya watu wawili waliokuwa peke yao. Irudie ukiangalia jambo moja: wakati gani mama anaongea Kifaransa na wakati gani anakimbilia Kiingereza. Yeye ni Mjerumani, anahukumiwa kwa lugha ambayo hana uhakika nayo. Kwenye nakala iliyofunikwa na sauti ya mtafsiri, hilo lote linafutika.

RRR tunakubaliana nawe, na ile maksi moja irudishe. Filamu hii ya India ilipigwa kwa Kitelugu, moja ya lugha za huko, na toleo la Netflix ni la Kihindi kilichowekwa juu, ndiyo maana midomo na sauti havipatani. Ukibahatika kupata toleo la Kitelugu lenye sabtaito, yale maandishi ya chini, utaona midomo ya Ram Charan na N. T. Rama Rao Jr. inafuata sauti. Onyo dogo tu: mashujaa wale wawili, Komaram Bheem na Alluri Sitarama Raju, walikuwepo kweli na walipambana na watawala, lakini urafiki wao umetungwa. Usiutumie kwenye mtihani wa historia.

Wajukuu zangu wanaangalia muvi za kutafsiriwa tu. Yule DJ anaongea mwanzo mwisho. Nawaambia wanasikiliza redio, si filamu. Wao wananicheka. Naomba mniamulie.
*Mzee, Manyoni*

Shikamoo mzee wetu. Utatusamehe, lakini wajukuu wana hoja nzito kuliko unavyowapa.

Kutafsiri muvi ni kazi ya sanaa yenye wakongwe wake hapa nchini. Lufufu alijenga jina zima kwa kazi hiyo. Mtu mmoja anasema kwa niaba ya stelingi, adui, mama mkwe na polisi, anaeleza desturi za huko ugenini, na anatia utani wa mtaani mahali penye mkwamo. Kwa muvi ya mapigano, ya kukimbizana au ya kuchekesha, hasara ni ndogo. Ngumi haihitaji mkalimani.

Hasara inaanzia jinsi inavyotengenezwa. Kila DJ anapofungua mdomo, sauti ya asili inashushwa. Inashuka pamoja na muziki, mlango unaolia, mvua, na pumzi ya mwigizaji. Filamu inayotegemea kimya au kigugumizi cha mtu inabaki mifupa.

Wapime wajukuu hivi, bila ugomvi. Tafuta mahali ambapo watu wawili wanaongea tu, hawapigani. Waache waangalie dakika mbili, simamisha, uwaulize: huyu anataka nini kwa yule, na kwa nini hampi? Wakijibu, DJ wao ni mzuri, waache. Wakianza kutazamana, DJ alikuwa anajaza muda. Dalili nyingine ni sehemu ambazo hakuna mhusika anayesema: DJ mwenye kipaji hunyamaza hapo. Asiyenyamaza hata msibani, mbadilisheni.

Filamu za mahakamani, za siri za ndoa na za upelelezi wa taratibu tunasema wazi: msiangalie za kutafsiriwa.

Nimewekewa muvi kwenye flashi dukani. Moja inatoa picha bila sauti, nyingine TV inakataa kabisa, na ya tatu ilishindikana kunakiliwa ingawa flashi ni ya GB 32 na ilikuwa tupu. Halafu sabtaito zinaanza vizuri zinaishia kuchelewa. TV ni mpya!
*Dada wa Mpwapwa*

Dada, kabla ya ufundi: kunakili filamu bila ruhusa ya mwenye kazi ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kwa anayenakili na kuuza. Maelezo yafuatayo yanafaa kwa faili lolote, hata video ya harusi yako.

Lililokataa kunakiliwa ni suala la mpangilio wa flashi. Flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye GB 4 au zaidi, hata nafasi iwe tele. Hamisha vilivyomo, fomati upya kwa exFAT, jaribu tena. Kabla ya kufomati hakikisha TV inasoma exFAT. Kitabu chake cha maelekezo kinasema.

Picha bila sauti: huenda aina ya sauti iliyomo ni DTS. Upya wa TV hausaidii hapa, huenda ndio unaoponza: TV za Samsung tangu 2018 hazisomi DTS, wakati za kabla yake nyingi zilisoma. Unahitaji faili lenye sauti ya AAC au AC3. Iliyokataliwa kabisa huenda imebanwa kwa H.265, inayozishinda TV nyingi za zamani na baadhi ya za bei nafuu. H.264 ndiyo salama kila mahali. Programu ya HandBrake, ya bure, inageuza vyote viwili kwa mpigo, ila iache kompyuta ifanye kazi. Kwa mashine dhaifu filamu ya saa mbili inaweza kula usiku kucha, na umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Sabtaito zina magonjwa mawili, usiyachanganye. Zikichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC ya kompyuta bonyeza G au H. Kila mbonyezo unasogeza maandishi kwa sehemu 50 kati ya 1,000 za sekunde. Zikianza sawa kisha zikazidi kuachana na picha, kama zako, basi faili la maandishi lilitengenezwa kwa nakala yenye picha 25 kwa sekunde na yako ina karibu 24, au kinyume chake. Tofauti hiyo hufikia kama sekunde mbili na nusu kila dakika. G na H hazitakusaidia. Tafuta maandishi ya nakala yako, au yabadilishe kasi kwa programu ya Subtitle Edit. Jina la faili la maandishi lifanane herufi kwa herufi na la filamu, tofauti iwe mwisho tu: .mp4 na .srt.

TV yangu ni ya inchi 43 lakini muvi zinakuja na mistari myeusi juu na chini. Nikivuta picha inajaa. Kuna ubaya?
*Msomaji, Area D*

Upo. Filamu nyingi za sinema hupigwa kwa umbo pana, upana mara 2.39 ya kimo, wakati TV ni mara 1.78 tu. Kwa inchi 43 kila mstari unakuwa kama sentimita 7. Ukivuta mpaka mistari iishe, unakata karibu robo ya picha pembeni. Mara nyingi humo ndimo alimosimama mtu wa pili kwenye mazungumzo. Sinners ina sehemu pana zaidi, 2.76, kwa hiyo mistari ni minene kuliko kawaida. Acha ilivyo na uzime taa, baada ya dakika kumi hutaiona.

Nafundisha shule ya sekondari. Nataka kuwaonyesha wanafunzi The Boy Who Harnessed the Wind uwanjani jioni. Je, ni ya kweli kiasi gani, na nahitaji vifaa gani?
*Mwalimu, Kongwa*

Mwalimu, umechagua vizuri. Mahali panapojua maana ya mvua kukatika mwezi Februari mahindi yakiwa yanabeba, filamu hii haihitaji utangulizi. Ni ya 2019, imeongozwa na Chiwetel Ejiofor ambaye pia ndiye baba, na imepigwa Wimbe, Malawi, kijiji ambako mambo yalitokea. Inamhusu William Kamkwamba na njaa ya 2001 hadi 2002.

Sehemu iliyo bora si kinu cha upepo. Ni pale baba anapoombwa baiskeli, mali pekee iliyobaki ndani, ili mtoto aikate. Ejiofor hakumfanya baba kuwa mjinga. Amemfanya mtu ambaye kila alichokiamini msimu ule kimemsaliti. Waulize wanafunzi wangetoa baiskeli au la, utapata mjadala wa vipindi viwili.

Ukweli wenyewe umebanwa. Kinu cha kwanza cha William kiliwasha taa chache na redio. Kusukuma maji kulikuja baadaye, kwa mitambo mingine. Filamu imeyaunganisha yawe tukio moja la ushindi. Mwanafunzi wa fizikia atauliza, nawe uwe tayari: dainamo ya baiskeli hutoa wati chache tu, zinazotosha balbu ndogo. Kuinua maji ya kumwagilia shamba ni mzigo mwingine. Lakini vitu vilivyoonekana ni vya kweli: fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mapanga ya bomba la plastiki lililopashwa moto likanyooshwa, na mnara wa miti.

Sasa vifaa. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe ni bora kuliko shuka, hasa Kongwa kwenye upepo. Kama huna ukuta, shona shuka mbili nyeupe pamoja, weka kitambaa cheusi nyuma, na ufunge pande zote nne, si juu tu. Shuka iliyofungwa juu peke yake inageuka tanga. Kwa picha ya upana wa mita 3, projekta nyingi za kawaida hukaa mita 4 na nusu hivi kutoka kwenye kitambaa. Gizani kabisa, mwanga wa lumeni 1,000 za kipimo cha ANSI unatosha. Angalia neno hilo ANSI kwenye boksi, maana projekta ndogo za bei poa huandikwa maelfu ya lumeni ambayo hayana maana yoyote.

Spika ziwe mbele pembeni mwa picha, zimeinuliwa mita moja na nusu au mbili. Watu huziweka karibu na projekta kwa sababu waya ni mfupi. Matokeo yake sauti inatoka mgongoni na maneno yanaachana na nyuso. Sabufa ya sebuleni haitoshi uwanjani kwa sababu hakuna kuta za kuirudisha sauti. Azima spika za kanisani au za msikitini. Jenereta iwe mita 30 mbali, upande ambako upepo unaelekea, na waya wa kuunganishia uufungue wote: ukibaki umezungushwa kwenye gurudumu lake huku unabeba mzigo, unapata moto.

Jua la kwenu linazama kati ya saa 12 na nusu hivi na karibu saa 1, kutegemea mwezi. Ukianza kabla ya saa 1 na dakika 20 usiku picha itakuwa imepauka. Filamu ni dakika 113, kwa hiyo mtamaliza saa 3 na robo, na wanafunzi wa kutwa wanaokaa mbali hapo wana shida. Kama hilo linakusumbua, tumia darasa mchana, ziba madirisha kwa mablanketi, na uigawe kwa siku mbili. Mahali pazuri pa kukata ni baba anapokataa baiskeli. Sabtaito ni lazima, maana wahusika wanachanganya Kichewa na Kiingereza. Na akaunti ya Netflix ya nyumbani ni ya matumizi ya nyumbani. Kabla ya kuwakusanya watu uwanjani omba ruhusa.

Nimesoma Vuta N'kuvute kidato cha sita, sasa nimeona filamu yake. Mbona wameikata hivi? Yasmin na Denge wamebaki, lakini mambo mengi sikuyaona.
*Mwanafunzi, UDOM*

Imekatwa, ndiyo, na hatuoni kuwa ni dhambi. Riwaya ya Adam Shafi ina nafasi ya kueleza kila mkutano wa siri na kila safari. Filamu ya Amil Shivji, iliyofika tamasha la Toronto mwaka 2021, ina kama saa moja na nusu. Ameamua kushika msichana anayekimbia ndoa aliyolazimishwa, kijana anayetafutwa na wakoloni, na Unguja ya miaka ya 1950 inayowazunguka. Anachokosa kwa maelezo anakifidia kwa mwanga, vivuli vya vichochoro na taarabu.

Tunachomlaumu ni Denge. Kitabuni unaelewa siasa zake zimetoka wapi. Kwenye filamu anakuja akiwa ameshaiva, na asiyesoma riwaya anaweza kumwona kama kijana mzuri mwenye vipeperushi. Tunachomsifu ni kutowaharakisha watu kuongea. Ukijiandaa kwa mtihani, jibu kutoka kitabuni. Mtahini hatapokea tukio lililobuniwa na kamera.

Kila muvi kwenye TV mpya ya shemeji inaonekana kama tamthilia ya mchana, watu wanateleza. Kwa nini?
*Msomaji, Singida*

TV inabuni picha za katikati. Filamu hupigwa kwa picha 24 kila sekunde. TV inazijaza nyingine ilizozikisia ili mwendo ulainike. Kwenye mpira inafaa, kwenye filamu inaharibu. Fungua mipangilio ya picha: kwenye LG inaitwa TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Picture Clarity au Auto Motion Plus. Izime. Hapohapo toa hali ya picha kwenye "Vivid" uipeleke "Movie" au "Cinema". Rangi zitaonekana za njano siku mbili za kwanza, kisha utazizoea na nyuso za watu zitaacha kuwa za buluu.

Naomba filamu ya kuangalia na mama mkwe. Isiwe ya kuuana, isiwe ya aibu, na iishe siku hiyohiyo.
*Mama wa Kondoa*

Laapataa Ladies ya Kiran Rao, India, iliyoingia kumbini Machi 2024. Ni kama saa mbili. Maharusi wawili wamejifunika ushungi wa rangi moja ndani ya treni moja mwaka 2001. Usiku bwana harusi anashuka na mke asiye wake. Mama yeyote aliyepanda treni ya Reli ya Kati na mizigo na watoto atalielewa kosa hilo. Inachekesha bila kumdhalilisha mtu, na polisi mla rushwa aliyechezwa na Ravi Kishan atamfanya mama mkwe asogeze kiti. Mwangalie pia mama muuza chai wa stesheni: anasema maneno machache na anabeba nusu ya filamu. Hakuna busu la kukufanya ukimbilie jikoni.

Muvi ya saa tatu kwenye Netflix inakula bando kiasi gani?
*Msomaji, Nkuhungu*

Kwa kiwango cha chini kama GB 0.3 kwa saa, cha kati 0.7, HD hadi 3, na 4K hadi 7. Kwa hiyo RRR kwa kiwango cha kati ni kama GB 2, na kwa HD inaweza kufika 9. Kwenye simu yenye skrini ndogo tofauti ya kati na HD ni ndogo sana. Ingia mipangilio ya programu, sehemu ya matumizi ya data, uchague kubana. TV haifuati mpangilio wa simu. Yake inabadilishwa kwenye akaunti, na kila wasifu peke yake, kwa hiyo ukibadilisha wa kwako watoto bado wanakula HD kwenye wa kwao.